Senti Kumi Iliyopigwa Tupa

Siku ya kunyoana nywele baada ya mazishi ya baba, wazee walipoketi uani kugawa vitu vyake, kaka yangu alipata shamba na ng'ombe, nami nikapata mkebe. Ulikuwa mkebe wa bati wa maziwa ya unga, umeshika kutu mdomoni, na ndani mlikuwa na sarafu. Baba mdogo aliutikisa ili kila mtu asikie mlio, akasema, "Hii marehemu alisema ni ya msichana." Msichana mwenyewe nina miaka arobaini na minane na mjukuu mmoja.

Leo naandika nikiwa mtu mwenye shukrani, lakini hasira ndiyo iliyotangulia, kwa hiyo nianze nayo. Hasira zangu ni za sufuria ndogo, hazichelewi kuchemka. Sikutaka ng'ombe, ningewaweka wapi, mimi ninayekaa nyumba ya kupanga Malaba? Mambo ya shamba nayo yana sheria yake, ninaijua, na kaka anajua kwamba ninaijua. Kilichoniuma ni kitu kingine. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi na yeye tulikuwa na jambo letu la zamani ambalo halikuwahi kusemwa. Nilitaka kujua kama mkebe ule aliniachia kwa kunikumbuka au kwa kunisahau. Kuna watu husahauliwa kwa kupewa kile kilichobaki kwenye rafu baada ya wengine kuchagua.

Kaka aliuona uso wangu, akanichokoza mbele ya wageni. "Dada amerithi benki," alisema. "Sisi tubaki na mavi ya ng'ombe." Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa meno ya mbele tu.

Kwa miaka mingi baba alibeba watu kwa baiskeli pale mpakani Busia, kabla pikipiki hazijaichukua kazi ile. Kati ya geti letu na geti la Uganda palikuwa na kipande cha ardhi kisicho cha mtu, na mwenye mzigo hakupenda kukitembea kwa miguu. Baba alikuwa na keria iliyoshonewa mto mwekundu, na kengele aliyoing'arisha kwa majivu. Abiria walimlipa kwa chochote kilichokuwa mfukoni, sarafu za huku na sarafu za kule, na wajanja wakamchomekea zile ambazo serikali zote mbili zilikuwa zimeacha kuzitumia. Alizigundua jioni akiwa nyumbani. Angeweza kumrudishia abiria mwingine kama chenji, na wenzake walifanya hivyo bila aibu. Yeye alizitia mkebeni. Marehemu mama alipomuuliza anaziweka za nini, alijibu, "Pesa haifi. Inastaafu tu."

Nilirudi na mkebe Malaba nikauacha juu ya kabati zaidi ya mwezi. Jumapili moja mchana, nimetoka kanisani na sina la kufanya, nikaumwaga kitandani.

Kazi yangu ni kusema kitu ni nini. Nimeajiriwa na wakala wa forodha. Lori likifika na shehena, mimi husoma makaratasi, hufungua kitabu cha ushuru, na kutafuta kila kitu kinaitwaje na kiko namba gani. Kiatu cha ngozi si kiatu cha mpira. Uzi wa nyavu si uzi wa kushona. Nikikosea, lori linalala hapo na dereva ananitukana kwa lugha tatu. Basi nilizipanga sarafu za baba kama ninavyopanga shehena: za Kenya upande wa mto, za Uganda miguuni, na katikati zile za kale za Afrika Mashariki nzima, za enzi ya mfalme wa Waingereza. Zote zilikubali kupangwa isipokuwa moja.

Ilikuwa senti kumi ya zamani, ile ya shaba yenye tundu katikati. Upande mmoja ulikuwa na pembe mbili za ndovu zilizolizunguka tundu, safi kabisa. Upande wa pili, taji na maandishi vilikuwa vimefutika, na badala yake kulikuwa na mikwaruzo ya mviringo, duara ndani ya duara. Tundu lenyewe lilikuwa limepanuliwa mpaka kidole changu kidogo kikapita. Na ukingo, mahali pamoja tu, ulikuwa umekatwa ukanyooka, kama chapati iliyomegwa kwa kisu. Tena ni sarafu hii peke yake iliyokuwa imefungwa. Ilikuwa imelazwa juu ya kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa kiganja, na vyote viwili vimezungushiwa utepe wa tyubu ya baiskeli.

Nilikata utepe nikachukua sarafu. Kile kipande cha tairi nilikipeleka kazini Jumatatu, nikakisukuma chini ya mguu wa meza yangu, kwa sababu meza ilikuwa ikiyumba. Kilikaa vizuri sana, na nikajisifu kwamba situpi kitu ovyo.

Dada mmoja wa Bumala, ambaye meza yake inatazamana na yangu, alipoiona sarafu alirudi nyuma hatua mbili. "Hiyo ni dawa," alisema. "Mtu alitengenezewa. Irudishe mahali ilitoka." Nilimwambia ilitoka kwa baba yangu, Mkatoliki aliyeogopa hata kuagua ndoto. Alitikisa kichwa na hakuigusa.

Kosa langu lilikuwa kumtumia kaka picha yake. Kwetu kuna imani kwamba iko sarafu ya zamani inayouzwa mamilioni, na kila mtu ana binamu ambaye rafiki yake alishauza moja. Kaka aliitia picha kwenye kundi la simu la watu wanaokusanya sarafu, na kabla ya chakula cha mchana mnunuzi wa Nairobi alikuwa amenipigia. Alizungumza kwa heshima kama daktari.

"Mama, usiioshe. Usiisugue. Kama ni mtambo ulikosea siku ilipochapwa, hiyo ni kitu kubwa sana. Kama ni mtu aliichezea, ni chuma tu. Tafuta fundi mwenye anajua vyuma, akuangalilie. Alama ya mtambo na alama ya tupa hazifanani."

Kaka alianza kuhesabu mabati ya nyumba mpya. "Tutagawana," aliniambia jioni ile.

"Ng'ombe tuligawana?" nilimuuliza, nikakata simu.

Nilijua fundi wa kumwendea. Lakini kabla sijafika kwake, lazima niseme lile jambo letu la zamani, mimi na baba. Lilikuwa jambo la kisigino.

Kwetu ni upande wa Nambale. Nilipoanza shule, baba alinipeleka kila asubuhi akielekea mpakani. Nilikaa upande kwenye keria kama wanavyokaa akina mama, miguu yote kushoto, kwa sababu ya gauni. Vikanyagio vya abiria vilikuwa chini kabisa kwenye ekseli, miguu yangu haikuvifikia, ikabaki inaning'inia karibu na gurudumu. "Weka miguu mbali," alisema kila tulipotoka nyumbani. Siku moja nilisahau. Kisigino changu cha kulia kiliingia kwenye spoku, baiskeli ikasimama ghafla, tukaanguka sote wawili. Nakumbuka soksi yangu mpya zaidi ya ninavyokumbuka maumivu. Baba alinibeba mgongoni hadi zahanati bila kusema neno. Waliponishona alinishika kichwa. Tulipotoka nje akasema, "Nilikuambia uweke miguu mbali."

Basi. Hakusema lingine, siku ile wala siku nyingine. Nyanya akanikolezea chumvi: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Guu halikuvunjika, lakini kovu liko, na viatu vya wazi sivai.

Sasa, kwetu pole ni neno la bure. Ukijikwaa sokoni, mtu asiyekujua atakuambia pole. Ukitoka shambani, pole. Ukipiga chafya, pole. Baba mwenyewe aliwaambia pole abiria walionyeshewa, kana kwamba mvua ilikuwa yake. Mimi niliingoja pole yangu kitandani wiki tatu, nikaingoja nilipomaliza shule, nikaingoja nilipoolewa, na mwaka jana nikaingoja kando ya kitanda chake hospitalini, nikimlisha uji kwa kijiko, mpaka akaaga dunia. Najua ni upuuzi kwa mtu wa umri wangu. Lakini kidonda cha utotoni hakijui kwamba umekuwa nyanya.

Fundi niliyemwendea ni mzee wa Kiteso ambaye zamani alikuwa na kibanda cha baiskeli pale Busia, mahali baba na wenzake walipoegesha. Sasa yuko Malaba, nyuma ya foleni ya malori, na kazi yake kubwa ni zile baiskeli za magurudumu matatu za walemavu wanaovusha bidhaa. Alikuja kwenye mazishi ya baba, akakaa safu ya nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Nilimkuta saa nne asubuhi amechuchumaa kando ya gurudumu, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Habari ya kazi, mzee?"

"Mzuri, mama. Baiskeli iko wapi?"

"Sijaleta baiskeli. Nimeleta pesa."

"Hiyo ndio nzuri zaidi," alisema, akajifuta mikono.

Nilimpa sarafu. Hakutafuta miwani. Alipitisha kidole gumba kwenye ule ukingo ulionyooka, akakipitisha tena, kisha akaacha kuitazama sarafu akaitazama miguu yangu.

"Kumbe wewe ndio ule mtoto ya kisigino," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kuuliza habari za mitambo na tupa. Maswali yote yalinitoka.

"Hii ni washa, mama," aliendelea. "Washa ya baiskeli, ile inakaa chini ya nati. Si mtambo ilikata hapa, ni tupa. Tupa yangu, ile ya nusu duara. Na hii tundu ni tupa ya mviringo, pia yangu. Mzee yako ndiye alipiga."

Nikamuuliza washa ya nini, kwa sababu madukani washa zimejaa.

"Siku ile uliumia, mzee alikuja kwangu jioni. Damu bado iko kwa spoku. Akasema anataka kikanyagio ya mtoto, ikae juu, kwa mguu ya keria, mahali miguu yako inafika. Nikamwambia acha nikutengenezee. Akakataa. Akasema hii ni yeye atatengeneza. Sasa bolti ikawa inalegea. Barabara ya wakati huo unaijua, mawe matupu. Washa ya duka ilikuwa nyembamba, inapinda. Akaenda nyumbani akaleta hii senti kwa mkebe yake. Shaba haishiki kutu, na iko pana. Siku tatu alikaa kwangu anapiga tupa. Watu wanaita boda, boda, yeye hasikii."

Aliishika sarafu juu ili niione vizuri, akanisomea kama mtu anayesoma barua. Ukingo ulionyooka ulikaa kwenye bomba la keria ili washa isizunguke. "Ikizunguka, nati inalegea. Nati ikilegea, kikanyagio inaanguka, na mguu inarudi kwa spoku." Upande wenye pembe za ndovu ulilalia kitu laini, ndiyo maana ulikuwa safi. Na zile duara upande wa pili ziliachwa na nati, kwa kukazwa mara kwa mara.

"Alikuwa anakaza kila asubuhi," alisema mzee. "Kila asubuhi kabla hujapanda. Hakuiamini hata siku moja."

Hapo nikakumbuka. Nikamwona baba amechuchumaa uani na spana, alfajiri, mimi nimesimama na mfuko wangu wa vitabu nikinung'unika kwamba nitachelewa na nitachapwa. Nilidhani ni ubishi wake tu, kwamba baiskeli aliipenda kuliko shule yangu. Na nikakikumbuka kile kikanyagio. Kilikuwa kipande cha ubao chini ya miguu yangu, nikakikanyaga miaka yote ile kama mtu anavyokanyaga kizingiti cha nyumba yao, bila kuuliza kiliwekwa na nani na lini. Baada ya wiki tatu za kitanda nilipanda baiskeli nikakikuta kipo. Mtoto haulizi. Mimi hata nilipokuwa mtu mzima sikuuliza.

Nilimwambia mzee kile ambacho sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu. "Lakini hata pole hakuniambia."

Mzee alicheka kidogo, bila kunidharau. "Mimi nilimwambia," alisema. "Siku ya pili nilichoka na kelele ya tupa. Nikasema, wewe bwana, si umwambie mtoto pole iishe? Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Pole haizuii mguu.'"

Malori yalikuwa yakinguruma nyuma yetu na sikusikia hata moja. Nikaanza kutafuta leso mkobani. Mzee akajifanya anatafuta spana ili nipate nafasi ya kujifuta uso, na kwa hilo pia namshukuru.

"Na mpira yake iko wapi?" aliuliza aliporudi.

"Mpira upi?"

"Ile ya juu ya ubao, ndio mguu isiteleze. Ubao ilioza zamani, lakini mpira mzee alikuwa ameweka pamoja na washa. Aliniambia mwenyewe, vitu ya mtoto nimefunga pamoja."

Sikuaga vizuri. Nilipita katikati ya malori mbiombio, mama wa miaka arobaini na minane na viatu vya kazini, dereva mmoja akaniuliza kama nimeibiwa. Nilifika ofisini nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza yangu mwenyewe.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema dada wa Bumala kutoka mezani kwake. Kisha akaona uso wangu, akaja akanishikia meza juu bila kuuliza.

Kilikuwa pale pale nilipokisukuma. Nilikipangusa vumbi kwa leso. Mwisho mmoja kulikuwa na tundu, na kando ya tundu alama ya duara lenye upande mmoja ulionyooka. Niliilaza senti pale, ikaingia mahali pake. Meno ya tairi yalionekana vizuri kila upande, isipokuwa karibu na katikati, ambapo yalikuwa yamelika pakawa laini kabisa. Sehemu ile ilikuwa ndogo, kiasi cha kisigino cha mtoto wa shule. Nikavua kiatu cha kulia, nikaketi sakafuni, nikaweka kisigino changu juu yake. Kilipafunika pote na kuzidi.

Nililia palepale chini, na sioni aibu kuandika hivyo. Nilimwambia baba asante kwa sauti, mbele ya dada wa Bumala na mteja mmoja aliyekuja kuulizia lori lake la vitunguu. Asante kwa siku tatu za tupa ambazo hukupata abiria. Asante kwa spana ya kila asubuhi, na kwa kunivumilia nikikununia. Alikuwa na mkebe mzima wa kutupia, na maisha mazima ya kusahau, lakini alipoibomoa baiskeli ilipochakaa alitoa vile vitu viwili akavifunga pamoja, akavitia kati ya pesa zake zilizostaafu, akasema ni vya msichana. Hakunisahau. Ni mimi niliyetenganisha vilivyofungwa.

Niliwaandikia waliokuwa wakisubiri. Mnunuzi wa Nairobi alijibu papo hapo: "Pole mama. Ni chuma tu basi." Kaka nilimpigia, nikamweleza yote kuanzia mwanzo. Nilidhani atayalilia mabati. "Mimi nilibebwa kwa bomba ya mbele mpaka darasa la nne," alisema mwishoni. "Hakuniwekea hata gunia." Kisha akaniuliza kama akija Jumapili anaweza kuishika kidogo. Nilimwambia aje, nitampikia.

Nilifungua kitabu cha ushuru, kwa mazoea tu. Washa zina namba yake na sarafu zina namba yake. Hiki cha baba, kilicho vyote viwili, sikukiona, nikafunga kitabu.

Senti na mpira wake viko kwangu kabatini, vimefungwa tena kwa utepe mpya wa tyubu ambao mzee alinikatia bure. Meza ya ofisini imerudia kuyumba. Dada wa Bumala akija kuandika juu yake hulalamika kwamba kalamu inamkimbia. Mimi humwambia pole, kisha nakunja karatasi, nainama, naiweka chini ya mguu.